Jembe la Mgeni: Habari za Bustani za Mboga za Eastlands

Msomaji wangu, ukipanda basi katikati ya jiji la Nairobi ukaelekea mashariki kwa barabara ya Jogoo, tazama vizuri nje ya dirisha. Utaona maduka, karakana, makanisa, misikiti, na nyumba nyingi zilizosongamana. Lakini ukitazama kwa makini zaidi utaona na jambo jingine. Kando ya reli, ukingoni mwa mto, nyuma ya nyumba, na hata juu ya paa, mna majani mabichi yaliyopandwa kwa mstari. Hapa ni sukuma wiki, pale ni kunde, na kule ni mboga ya maboga inayotambaa juu ya ua. Aghalabu watu hupita bila kuyajali majani hayo. Mwanafunzi aliyezoea kusoma habari za vita, mikataba na watawala hudhani kwamba tuta la mboga halina historia. Nia ya insha hii ni kukuonyesha kwamba linayo, na kwamba historia yake ni sehemu ya historia ya uhuru wetu.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hii kumcheka mgeni aliyekawia kuondoka. Lakini methali ina maana ya pili iliyo nzuri zaidi. Mtu akipewa jembe amekwisha kuwa mwenyeji. Anayo kazi, anayo sehemu ya ardhi, naye atakula jasho lake. Sasa fikiri juu ya mji ambao watu waliokuja kuujenga na kuutumikia waliitwa wageni kwa muda wa miaka hamsini na zaidi, wakanyimwa jembe. Mji huo ulikuwa Nairobi, na bustani za Eastlands ni habari za watu waliojitwalia jembe wenyewe.

Na tuanze na ardhi, kwa kuwa mkulima huanza na ardhi. Reli kutoka Mombasa ilifika mahali hapa mwaka 1899. Wamaasai walikuwa wakipaita mahali pa maji baridi, nako kulikuwa na malisho, vijito na kinamasi. Upande wa magharibi na kaskazini nchi huinuka polepole kuelekea Kikuyu, na udongo wake ni mwekundu, wenye rutuba, unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki nchi ni tambarare kuelekea Athi, na udongo wake ni mweusi na mzito. Wakati wa mvua udongo huo hunywa maji ukavimba, ukashika mguu na jembe pamoja. Wakati wa jua hukauka ukapasuka, na nyufa zake huweza kumeza mkono wa mtoto.

Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, tabibu aliyetumwa na serikali ya Uingereza kutazama afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, alishauri kwamba kila kabila la watu likae mahali pake peke yake: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika kwao. Ushauri huo ulitajwa kuwa wa afya, lakini matunda yake yalikuwa ubaguzi. Wazungu walikaa juu ya vilima vya udongo mwekundu, palipo na hewa nzuri. Waafrika waliwekwa mashariki, karibu na karakana za reli, juu ya udongo mweusi usiopitisha maji. Basi mgawanyo wa watu ukalingana na mgawanyo wa udongo. Ukitaka kuuelewa mji wa Nairobi, chukua jembe moja ukachimbe Muthaiga, kisha ukachimbe Makadara. Mikono yako itakueleza jambo ambalo ramani hailisemi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilifungua mtaa wa Pumwani uwe mahali pa Waafrika, na vijiji vyao vilivyokuwa sehemu nyingine za mji vikabomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani, kijiji cha zamani ambamo wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakahamishwa. Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa wakati huo. Shirika la reli lilikuwa na nyumba za watumishi wake huko Muthurwa na Makongeni. Nyumba nyingi za nyakati hizo zilikuwa vyumba tu, na mara nyingi mtu hakupewa chumba bali nafasi ya kitanda, akalala pamoja na wenzake watatu au zaidi.

Kwa nini ikawa hivyo? Sababu yake ni hesabu, nayo yafaa uielewe vizuri. Chini ya sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alichukua shingoni karatasi ya kuonyesha ajira yake. Alikuwa mjini kwa sababu ya tajiri wake, na kazi ikiisha ilimpasa aondoke. Mshahara wake ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mke na watoto walidhaniwa kuwa mashambani, wakila mazao ya shamba lao. Kwa maneno mengine, jembe la mke aliyekuwa Murang'a, Machakos au Nyanza ndilo lililolipa sehemu ya mshahara ambayo tajiri wa Nairobi hakuilipa. Mji ulikula jasho la shamba bila kulishukuru. Katika mpango kama huo, bustani ya mboga ya jamaa haikuwa na mahali, kwa sababu jamaa yenyewe haikuhesabiwa kuwa ya mjini.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1940. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeleta watu wengi mjini, na mwaka 1943 nchi ilipatwa na upungufu mkubwa wa chakula, hata mahindi yakagawiwa kwa kipimo. Wakati uo huo, huko Uingereza, serikali ilikuwa ikiwahimiza watu wa mijini kuchimba nyasi za nyua zao na viwanja vya mapumziko ili wapande viazi na kabichi. Kulima mjini kulihesabiwa kuwa uzalendo. Lakini Mwafrika wa Nairobi aliyepanda mahindi kando ya mto bila ruhusa aliweza kuhesabiwa kuwa mkosaji. Kitendo ni kimoja. Tofauti ilikuwa katika swali la nani ni mwenyeji wa mji.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 ulijengwa mtaa wa Kaloleni, mmoja wa mitaa ya kwanza iliyokusudiwa Waafrika wenye jamaa zao. Mpango wake ulitokana na fikra ya Mwingereza Ebenezer Howard, aliyetoa kitabu mwaka 1898 akashauri ijengwe miji yenye bustani, ambamo mfanyakazi atapata kazi ya mjini pamoja na hewa ya shamba. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa Uingereza mwaka 1903. Fikra hiyo ilisafiri hata ikafika Kaloleni: nyumba za mawe zenye vigae zilipangwa kuzunguka nafasi wazi, pakawa na ukumbi, shule na zahanati. Wachora ramani waliziacha nafasi hizo ziote nyasi, watoto wacheze na macho yafurahi. Lakini mama aliyelelewa Nyeri, Maseno au Kangundo alipotoka mlangoni na kuiona nafasi ile, hakuona nyasi za kutazamwa. Aliona ardhi isiyolimwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya huzuni. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Mwezi uliofuata Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi wa Waafrika, aliuawa. Na mwaka 1953 Ambrose Ofafa, mjumbe wa baraza la jiji, aliuawa pia. Majina yao yamebaki katika mitaa ya Mbotela na Ofafa mpaka leo. Tarehe 24 Aprili 1954 askari wengi sana waliuzingira mji, wakaanza kuwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Makumi ya maelfu walipelekwa vizuizini, na jamaa nyingi zilirudishwa mashambani kwa nguvu. Waliobaki walibanwa katika mitaa michache kama Bahati, nyuma ya senyenge. Kumbuka, msomaji, kwamba Aprili ni katikati ya masika. Kila aliyekuwa amepanda kitu mwezi wa Machi alikiacha kingali kichanga.

Hata hivyo mwaka 1954 ulileta na jambo jingine, ambalo halitajwi sana. Halmashauri iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika, ikakiri kwamba mshahara wa mtu mmoja hautoshi, na kwamba mfanyakazi yapasa alipwe kiasi cha kumwezesha kukaa mjini na mkewe na watoto wake. Ushauri huo haukutimizwa wote, lakini maana yake ilikuwa kubwa: kwa mara ya kwanza serikali ilikubali kwamba Mwafrika wa Nairobi si mpita njia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 baraza la jiji lilijenga nyumba nyingi mashariki, katika mitaa kama Maringo na Jericho. Jamaa ziliingia, na jembe likaingia pamoja nazo.

Sasa yafaa nikueleze jinsi bustani ya namna hiyo inavyolimwa mwaka mzima, maana kazi hiyo ndiyo iliyoifanya jamaa iwe na mizizi. Nairobi ina misimu miwili ya mvua. Masika huanza katikati ya Machi na kwisha Mei. Vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Kati yake kuna joto la Januari na Februari, na baridi yenye mawingu ya Juni, Julai na Agosti. Mkulima wa Eastlands hana budi kuyafuata hayo, na zaidi ya hayo hana budi kuufuata udongo wake.

Januari na Februari jua ni kali na udongo ni mgumu kama tofali. Huu ni wakati wa kukusanya maganda, majivu na samadi, na kuvirundika vioze viwe mbolea. Maji yaliyooshea mboga na mchele hayamwagwi ovyo. Hupelekwa kwenye miche. Mwishoni mwa Februari mbegu za sukuma wiki husiwa katika kitalu kidogo chenye kivuli. Hapo ndipo hekima inapotakiwa. Udongo mweusi ukichimbwa ungali mkavu kabisa huvunja mpini. Ukichimbwa umelowa sana hugeuka tope, kisha hukauka ukawa mabonge yasiyovunjika. Mkulima mwerevu husubiri manyunyu ya kwanza, akachimba udongo ukiwa na unyevu wa kiasi, akauchanganya na mbolea, akainua matuta na kuchimba mfereji pembeni ili maji ya Aprili yasisimame. Asiyechimba mfereji hupoteza mboga zake kwa maji mengi, jambo la ajabu katika mji ambamo mara nyingi mifereji ya nyumbani haina maji.

Machi maharage, kunde na mahindi hupandwa, na miche ya sukuma wiki huhamishwa. Kunde na mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, sukuma wiki baada ya wiki sita au zaidi. Majani ya chini ndiyo yanayochumwa, na kilele huachwa kiendelee kukua. Kwa njia hiyo mche mmoja hulisha nyumba miezi mingi. Jina lake lasema kweli: ni mboga ya kuisukuma wiki mpaka siku ya mshahara. Julai jua huwa haba na mboga hukua polepole. Agosti na Septemba, mvua ikiwa imekatika, vidukari hushambulia majani, na wengi huwafukuza kwa majivu ya jikoni. Oktoba kazi huanza tena kama Machi. Desemba watu wengi husafiri kwenda kwa wazazi wao mashambani. Na kati ya vitu wanavyorudi navyo Januari, pamoja na unga na ndizi, ni mbegu zilizofungwa katika kitambaa.

Mbegu hizo zina habari yake. Mnavu huitwa managu na Wakikuyu, osuga na Wajaluo, na lisutsa na Waluhya. Mgagani, ambao Abagusii huuita chinsaga, Nairobi huitwa sagaa. Mchicha huitwa terere. Wanawake waliotoka pembe zote za Kenya walipokutana penye mfereji mmoja wa maji, walibadilishana mbegu, mapishi na majina. Leo kijana aliyezaliwa Jericho hutaja managu, mrenda na sagaa bila kujali neno limetoka katika lugha gani. Watu husema kwamba siasa ndiyo iliyojenga taifa, nami sikatai; lakini sufuria nayo ilifanya kazi yake. Na sukuma wiki yenyewe, ambayo leo hakuna Mkenya asiyeijua, ni ya jamii ya kabichi iliyoletwa kutoka ng'ambo. Ilikuja mgeni, ikapewa ardhi, ikawa mwenyeji.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Ungedhani kwamba siku hiyo mkulima wa mjini alipata uhuru pia. Haikuwa hivyo. Sheria ndogo za jiji za mwaka 1961 zilizokataza kulima penye njia za umma zilibaki, na Sheria ya Afya ilimpa waziri uwezo wa kukataza mimea ndani ya mji kwa hoja ya malaria. Wakubwa walisema kwamba mahindi marefu huficha wezi na kuzaa mbu, ingawa mbu wa malaria hutaga mayai yao hasa katika maji yaliyosimama, si katika shina la mhindi. Askari wa baraza, ambao watu wa Nairobi huwaita kanjo, walikuja na mapanga wakayafyeka mahindi yaliyokuwa karibu kukomaa. Mama aliyefanya kazi miezi mitatu aliweza kupoteza yote asubuhi moja. Watawala walikuwa wamebadilika, lakini swali la zamani lilikuwa lingali pale pale: nani ana haki ya kupanda chakula katika mji?

Wakati huo mji ulikuwa ukikua kwa kasi. Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha watu karibu 119,000. Ile ya mwaka 1969 ilionyesha watu 509,286. Mwaka 1975 ulianza mpango wa Dandora kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja 6,000 vilipimwa, vingi vikiwa na mita za mraba 100 hadi 160, kila kimoja na maji na choo, na mwenyewe akajijengea vyumba polepole. Mwanzoni palikuwa na nafasi ya matuta mawili matatu uani. Lakini chumba cha kupangisha huleta fedha kila mwezi, na tuta la mboga haliwezi kushindana nacho. Ua ukajengwa, kisha ghorofa ikapanda juu ya nyumba, na jua lenyewe likawa adimu.

Je, kulima kulikoma? La. Mwaka 1985 Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilifanya uchunguzi katika miji sita ya Kenya, ikaona kwamba kaya 29 katika kila kaya 100 zilipanda chakula katika mji zilimokaa. Baadaye Donald Freeman, mwanajiografia kutoka Kanada, aliwahoji wakulima zaidi ya 600 wa Nairobi, akatoa kitabu mwaka 1991. Aliona kwamba wengi wao, karibu theluthi mbili, walikuwa wanawake, na kwamba walilima kwanza ili wale, si ili wauze. Hapo ndipo jambo lililoonekana kuwa ukaidi wa watu wachache lilipojulikana kuwa desturi ya mji mzima. Yafaa ukumbuke jambo hili katika masomo yako: mara nyingi kitu hakikubaliwi kuwa kweli mpaka kimehesabiwa, ingawa wanaokifanya walikijua siku zote.

Sitaki kukuficha kwamba bustani za Eastlands zina hatari zake. Jaa kuu la taka za jiji liliwekwa Dandora katika miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo; nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kuliko kiasi kilichokubaliwa. Mboga za majani huweza kushika vumbi lenye sumu hiyo, na mizizi yake huweza kuinyonya kutoka udongoni. Huko Maili Saba wakulima wametumia maji machafu ya mabomba ya choo kunywesha mimea, kwa kuwa yana rutuba na hayakauki wakati wa kiangazi. Lakini maji hayo huchukua vijidudu vya magonjwa na minyoo. Ni rahisi kumlaumu mkulima. Lakini uliza kwanza nani aliyeamua kwamba taka za jiji zima zitupwe mashariki. Utaona kwamba ramani ile ya kale bado inafanya kazi yake.

Watu walijibu shida hizo kwa akili. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, njia zilipofungwa na bei ya chakula ilipopanda, bustani za magunia zilienea katika Kibera, Mathare na vijiji vingine vya mabanda, zikisaidiwa na shirika la Kifaransa la Solidarités. Gunia hujazwa udongo mzuri uliochanganywa na samadi. Katikati hupangwa mawe kutoka chini hata juu, ili maji yashuke na kuenea sawasawa. Kisha ubavuni hutobolewa matundu, na katika kila tundu hupandwa mche. Mtu asiye na ardhi hata hatua moja hupata bustani iliyosimama wima mlangoni pake, na udongo wake anauchagua mwenyewe, mbali na taka.

Na mboga zenyewe zilipata heshima mpya. Kwa miaka mingi mnavu na mgagani viliitwa magugu, na kabichi ikaitwa mboga ya wastaarabu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alianza katika miaka ya 1990 kuzichunguza mboga za kienyeji, akaonyesha wingi wa madini na vitamini vilivyomo, na mwaka 2010 alitunukiwa na Umoja wa Afrika kwa kazi yake ya sayansi. Mboga ambazo bibi zetu walizichuma kimya kimya leo zauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi.

Sheria nayo ikafuata. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilitangaza kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kazi iliyofyekwa kwa panga la askari ikawa kazi inayotajwa katika kitabu cha sheria. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kazi nyingi, serikali yenyewe iliwahimiza wananchi walime bustani za jikoni. Tangu kufika kwa reli mpaka sheria ya mwaka 2015 ni miaka 116. Mgeni alingoja sana kabla ya kupewa jembe ambalo alikuwa amekwisha kulishika.

Lakini usidhani kwamba shauri limekwisha. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Nairobi ina watu 4,397,073. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalichukua nyumba na bustani za kando ya mito, kisha serikali ikaamuru nafasi ya mita 30 kutoka mtoni iachwe wazi. Mitaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kubomolewa ili yajengwe maghorofa. Nyumba zahitajika, wala hakuna mtu mwenye akili atakayepinga watu wapate makao bora. Hata hivyo, mchora ramani wa leo apaswa kuulizwa swali ambalo yule wa Kaloleni hakuulizwa: je, katika nafasi wazi uliyoiacha, mwenyeji ataruhusiwa kupanda mboga, au atatazama nyasi tu? Na je, udongo huo umepimwa ukaonekana kuwa safi?

Msomaji wangu, huenda siku moja wewe ndiwe utakayechora ramani hiyo, au utakayetunga sheria, au utakayepima udongo. Kwa hiyo anza kujifunza sasa. Mwulize mama au nyanya yako alipanda nini mjini, mahali gani, mwaka gani, na nani alikuja kukifyeka. Mwulize mbegu alizipata kwa nani. Andika majibu yake pamoja na tarehe, maana habari hizi nyingi hazimo katika kabati la serikali. Zimo katika vichwa vya wazee, na wazee hawatakaa nasi daima. Kisha, masika yakikaribia, tafuta gunia moja, samadi kidogo na mbegu za managu za thamani ndogo. Chagua mahali penye jua, mbali na moshi wa magari na taka. Utajifunza mengi juu ya mvua, udongo na subira, na baada ya wiki chache utakuwa na mboga ya kuweka mezani kwenu.